Kumlilia Mzaramo Aliye Hai

Baba yangu alikuwa na kikohozi cha mlangoni. Hakikuwa ugonjwa. Kabla hajaingia mahali popote, iwe nyumbani, kanisani, hata chooni, alisimama, akaweka mikono nyuma, akakohoa kimoja kifupi na kimoja kirefu, ili waliomo ndani wapate nafasi ya kuacha walichokuwa wakifanya. Alikuwa mzee wa kanisa, na pale kwetu Ng'ambo, Tabora, watu wengi walikuwa na kitu cha kuacha.

Kikohozi kile nilikijua kuliko alivyokijua mwenyewe. Jioni moja kwaya ikiwa mazoezini nilisimama nje ya mlango nikakohoa, kifupi, kirefu. Ndani wimbo ukakatika. Nikasikia viti vinaburutwa, mtu anapiga chafya ya ugoro alioumeza kwa haraka, na mwalimu wa kwaya anasema kwa sauti ya upole ambayo hakuwa nayo dakika moja kabla, "Karibu mzee, ndiyo tunataka kuanza na sala." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipoinua uso, baba alikuwa nyuma yangu, mikono nyuma, na safari hii hakukohoa.

Hakunipiga, na ni haki niseme hivyo, maana baba wengine wa mtaa ule wangenipiga. Alinitazama tu, akaingia kwenye mazoezi, na mimi nikarudi nyumbani nikijua kwamba maneno yapo njiani.

Yalikuja wakati wa chakula, lakini yalikuja na gari la sinema. Miaka ile ya Mwingereza, baada ya vita, serikali ilikuwa na gari lililozunguka na kitambaa cheupe, likituonyesha namna ya kuchimba choo na namna ya kulima matuta. Mchana ule lilikuwa limepita Ng'ambo na kipaza sauti, likitangaza kwamba sasa wanataka kutengeneza sinema hapahapa Tabora, na mtu yeyote anayejua kuiga watu, mwanamke kwa mwanamume, aje ukumbi wa karibu na soko ajaribiwe.

"Umesikia gari?" baba akauliza.

"Nimesikia, baba."

"Wanataka watu wa kuiga."

"Nimesikia."

Akamega ugali, akautazama. "Basi nenda. Wakikuchagua, itakuwa ni kazi kama kazi nyingine, na mimi sitanena tena. Umwige unayemtaka, hata mimi. Wasipokuchagua, hutaiga mtu tena maisha yako. Si mwalimu wa kwaya, si mimi, si mbuzi."

"Hata mbuzi, baba?"

"Hata mbuzi."

Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye tuliishi naye na ambaye nilimsaidia kuuza asali sokoni, alicheka kidogo ndani ya kikombe chake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeishia darasa la nne. Hesabu ilinishinda, ushonaji ulinishinda, na katika kwaya walinipanga safu ya nyuma wakaniomba niimbe polepole. Kitu nilichokuwa nacho ni hicho kimoja: nikimwona mtu anapita, mwili wangu unataka kupita kama yeye. Sijui kama hicho ni kipaji. Mara nyingi nimefikiri ni ukosefu wa adabu tu. Lakini kilikuwa changu, na baba alikuwa amekiweka juu ya meza pamoja na mboga.

Hadithi ya sinema ilijulikana mtaa mzima kabla ya siku yenyewe. Mwanamume anakohoa, anakataa kwenda hospitali, anazunguka kwa waganga, anakufa, mkewe anamlilia, watu wote wanajifunza. Sehemu kubwa ya mwanamke ilikuwa ni hiyo ya kulia. Kwa hiyo nilifanya mazoezi ya kulia. Nilijifungia chumbani, nikamkumbuka mbuzi wetu aliyeliwa na fisi, nikaanza taratibu, nikaongeza, nikaona mambo yanakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilipotoka, uani kulikuwa na wanawake wamekaa chini wamefunga kanga viunoni, mmoja ameleta unga, mwingine mzigo wa kuni, na baba amesimama katikati yao akieleza kwamba hakuna aliyekufa.

"Sasa huyo anamlilia nani?" jirani yetu mmoja akauliza.

"Analilia kazi," baba akasema. Ilibidi wapewe chai. Kuni hazikurudishwa, Shangazi alisema zimeshaingia ndani na kutoa nje kuni za msiba ni mkosi. Sina hakika kama kuna mkosi wa namna hiyo.

Baba hakukubali niende peke yangu. Alimtuma Shangazi awe shahidi, ili matokeo yaje nyumbani jinsi yalivyo. Kumchagua Shangazi kuwa shahidi wa jambo linalotaka kiasi kulikuwa kosa la baba, si langu.

Ukumbini tulikuta baraza imejaa. Mlangoni alikaa mkalimani wa Mzungu wa sinema, mtu mnene mwenye viatu vya rangi mbili, nyeupe na kahawia, vinavyong'aa kama vimelambwa. Tulimwamkia vizuri, shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kabila.

"Mnyamwezi."

Uso wake ukafunguka. "Ala! Wanyamwezi! Na mizigo yenu mmeitua wapi?"

Shangazi akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Kwani wewe wa wapi?"

"Mzaramo mimi, bibi. Mzaramo wa kuzaliwa, wa kunyonya na wa kutahiriwa."

"Ndiyo maana. Mizigo tumeitua, tumekuja kukubeba wewe. Ila umenona, itabidi tukukate vipande."

Watu wa baraza wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipeleka pembe Pwani na kurudi na marobota ya nguo. Unaweza kumwambia mtani wako neno ambalo ukimwambia ndugu yako mtafikishana barazani kwa mtemi, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Nilifurahi. Niliona tumepata mtu wetu ndani. Sikufikiria mbele zaidi ya hapo, na hiyo ndiyo kasoro yangu kubwa, kufikiri hatua moja na kupumzika.

Tulisubiri dirishani tukiangalia wengine wanavyojaribiwa. Mzungu alikuwa mwembamba, jua limemchoma pua, na alimwambia kila mtu asante hata aliyeshindwa kabisa. Katikati ya ukumbi palikuwa na benchi, na juu ya benchi maiti. Yaani mkalimani. Hakupatikana mwanamume mwingine aliyekubali kulala amefunikwa shuka mbele ya watu na kuliliwa akiwa hai, kwa hiyo alilala yeye, na viatu vyake vya rangi mbili vilitokeza upande wa miguu. Kila baada ya mtu mmoja alifufuka, akatafsiri maneno ya Mzungu, akafa tena.

Mama mmoja alifika mpaka benchini akasema yeye ana mume wake hai nyumbani na hawezi kumwitia kifo, akaondoka. Mwingine alilia vizuri lakini alimtazama Mzungu wakati wote, kama anayemlilia yeye. Halafu akaingia dobi.

Huyu dobi lazima nimweleze kwa haki, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mpinzani wangu. Alikuwa kijana wa Kimanyema, mrefu, mikono imenyauka kwa maji ya sabuni, na alikuja amevaa kanga mbili za mteja wake mmoja, zimepigwa pasi. Wanawake wa barazani walicheka alipopita. Akaingia, akasimama mbali na benchi. Hakukimbia wala hakupiga yowe. Alitembea kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala, akainama, akavuta shuka kidogo akafunika vile viatu, kama vile miguu ya marehemu inasikia baridi. Halafu magoti yakamwishia. Kicheko cha barazani kilikatika. Mama aliyekuwa mbele yangu, ambaye alikuwa amecheka kwa nguvu kuliko wote, alishika ukingo wa dirisha akasema, "Yesu wangu."

"Ni dobi tu," Shangazi akaninong'oneza.

"Ni dobi," nikasema, "lakini mimi siwezi hivyo."

"Nyamaza. Zamu yako."

Niliingia. Niliapa moyoni kwamba nitamkumbuka mbuzi na sitatazama kitu kingine. Nilifika benchini, nikapiga magoti, nikashika ncha ya shuka, na machozi yalikuwa yanakuja, naapa yalikuwa yanakuja, ndipo nikasikia sauti chini ya shuka, ndogo kama ya mbu:

"Binti, usinilie bure. Nibebe unipeleke Pwani, ndiyo kazi yenu."

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka tangu mlangoni. Msiba wa mtani hauliliwi. Mtani akifa unakwenda kumcheka, unavaa nguo zake, unamwiga alivyotembea na alivyosema, unazuia maiti isitoke mpaka wafiwa wakupe kitu. Ukikaa ukalia kama wengine, wafiwa wenyewe watakuuliza kama kuna ugomvi. Na mimi hapa, Mnyamwezi, nimepiga magoti mbele ya Mzaramo, mbele ya watu, nikitaka kumlilia. Barazani nusu ya watu walikuwa Wanyamwezi. Nilijua wanasubiri kuona nitafanya nini.

Labda ningeweza kujizuia. Nimejiuliza mara nyingi. Dobi angejizuia. Lakini Shangazi aliingia. Nilimwona kwa pembe ya jicho anapita katikati ya ukumbi kama mwenye nyumba, akafika upande wa miguu, akamvua marehemu kiatu kimoja, akakitia kwapani.

"Maiti haitoki hapa," akatangaza, "mpaka tupewe haki yetu!"

Barazani wakapiga vigelegele. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama. Mwili wangu ulikuwa umeshapita. Nikatoa tumbo mbele, nikainua shingo, nikakaa mlangoni pasipokuwa na mlango, nikasema kwa sauti ya mkalimani mwenyewe, "Kabila gani? Ah, Mnyamwezi! Mizigo mmeitua wapi? Mimi sibebi, mimi nina viatu!" Nikafa, nikafufuka, nikatafsiri, nikafa tena. Nikamlilia kwa Kizaramo ambacho sikijui. Nikasema marehemu hakuuawa na kikohozi, ameuawa na madafu, na jeneza lake lipelekwe Pwani kwa treni kwa sababu hakuna Mnyamwezi mwenye bega la kutosha. Watu walikuwa wamejaa madirishani. Shuka ilikuwa inacheza juu ya benchi kama maji yanayochemka, na mwisho maiti ikakaa, kiatu kimoja, machozi yanamtoka kwa kicheko.

Mzungu akauliza jambo.

Mkalimani akamjibu kwa Kiingereza, kirefu, akinionyesha mimi, akimwonyesha Shangazi, akionyesha mguu wake wenye soksi. Darasa la nne halikunifikisha kwenye Kiingereza kile, kwa hiyo siwezi kusema kama alinitetea au alinizamisha. Shangazi hadi anakufa alishikilia kwamba alinizamisha. Mimi nadhani alinitetea, maana Mzungu alitikisa kichwa kukubali, akasema asante, akaagiza nirudie bila hayo mengine.

Nilirudia. Nililia, na nililia kwa kweli, kwa sababu sasa nilikuwa nimemkumbuka baba na ule ugali wake. Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya shuka, na chini ya mkono tumbo la Mzaramo lilikuwa bado linatetemeka. Hakuna mtu aliyewahi kumlilia maiti anayetetemeka akaaminiwa.

Saa ya adhuhuri walitangaza barazani. Mjane wa sinema: dobi. Yule mama wa dirishani akapiga makofi, na mimi nikapiga pia, kwa sababu alistahili. Nimesikia watu wakisema nilishindwa kwa ajili ya utani, kwamba Mmanyema hakuwa na deni lolote la kucheka pale na mimi nilikuwa nalo. Ni kweli hakuwa nalo. Lakini hata marehemu angekuwa Mchina, mimi nisingefikiria kumfunika miguu.

Halafu Mzungu akaanza kuchagua waombolezaji, wale wa kukaa chini kandokando ya maiti. Akaninyooshea kidole. Nikasogea. Akasema neno, na mkalimani, amesimama kiatu kimoja, akatafsiri: "Wewe ukae hapa, upe sinema mgongo. Anasema uso wako unacheka hata ukilia."

Njiani kurudi tulibishana.

"Umechaguliwa," Shangazi alisema.

"Nimechaguliwa mgongo."

"Mgongo wa nani? Si wako? Uliuazima?"

"Shangazi, baba alikuwa na maana ya..."

"Alisema wakikuchagua. Hakutaja sehemu."

Nilitaka sana kukubali. Lakini niliona kwamba nikimpa baba jibu la namna hiyo nitakuwa nimepata ruhusa ya kumwiga kwa kumdanganya, na kila nitakapomwiga nitakumbuka. Kwa hiyo nilipofika nilimweleza yote kama yalivyokuwa: mbuzi, dobi, kiatu, madafu, mgongo. Baba alisikiliza akitazama mlango. Shangazi aliweka kiatu juu ya meza kama ushahidi.

Baba hajasema neno, tukasikia kikohozi nje. Kifupi, kirefu. Tukatazamana, maana baba alikuwa ndani. Alikuwa mkalimani, sijui nani wa mtaani alikuwa amemfundisha, amekuja jioni ile na ndala mguu mmoja na kiatu mguu mwingine na kifurushi cha sukari, kukomboa mali yake.

"Hodi wenye nyumba. Nimekuja na haki yenu."

Nilidhani baba atamkaribisha kiti, kama alivyomkaribisha kila mgeni. Baba akaonyesha mkeka.

"Marehemu hawakai kwenye viti," akasema.

Mkalimani akacheka, akaenda akalala kwenye mkeka, kifurushi juu ya kifua, akafumba macho.

"Mayu," baba akaniita, yaani mama, neno la Kinyamwezi ambalo hakuwa akilitumia isipokuwa nikiwa mgonjwa. "Sasa nionyeshe ulichofanya. Siwezi kuhukumu jambo ambalo sijaliona."

Nilifanya. Nilitoa tumbo, nikainua shingo, nikauliza kabila, nikataja madafu. Shangazi alikuwa ameshika mdomo. Mkeka ulicheka. Baba hakucheka hata kidogo, na nilipomaliza nilijua nimekwisha.

"Hapana," akasema. "Hivyo sivyo."

Akainuka. Akavuta suruali yake juu kidogo, akalegeza mabega, na mbele ya macho yangu mzee wa kanisa akapita sebuleni kutoka mlango mpaka dirisha kama mtu wa Pwani aliyekula vizuri, kitako nyuma, mkono mmoja unapepea hewa, shingo inageuka taratibu kwa kila mtu kama wote wamekuja kumwangalia yeye. "Wewe umetembea na tumbo," alisema huku akirudi. "Mzaramo anatembea na shingo. Nilikwenda nao Bagamoyo na babu yako, njia nzima nilikuwa nyuma yao. Mtu ukimtazama mgongo siku nyingi unamjua." Akafika kitini, akakaa, akashusha suruali, akawa mzee wa kanisa.

Mkalimani alikuwa ameinua kichwa kutoka mkekani, mdomo wazi.

"Mzee," akasema, "mbona hukuja wewe ukumbini?"

Baba akakohoa, na kikohozi hicho kilifunga habari hiyo moja kwa moja. Haijafunguliwa tena mpaka leo.

"Hukumu," akasema. "Nilisema wakikuchagua. Wamekuchagua mgongo. Basi na wewe utapata mgongo. Utaiga watu wakiwa wamekupa mgongo, mwendo wao tu. Uso wa mtu usiuguse, sauti yake usiiguse, na kikohozi chake," akanitazama, "usikiguse."

"Na mbuzi, baba?"

Akafikiri. Naamini alifikiri kwa haki.

"Mbuzi wote. Mbuzi hana malalamiko."

Mkalimani alipewa kiatu chake na chai yenye sukari yake mwenyewe. Sinema ilitengenezwa, na iliporudi na gari tuliiona uwanjani, dobi akiliza mji mzima, na nilipotokea Shangazi alisimama akapiga kelele, "Mgongo wetu huo!" mpaka watu wakamwomba akae.

Lakini siku ninayoikumbuka ni Jumapili iliyofuata ile hukumu. Tulikwenda kanisani kama kawaida, baba mbele, mikono nyuma, mimi na Shangazi nyuma yake kwa heshima. Barabara ilikuwa ndefu na mgongo wake ulikuwa pale mbele yangu, nimepewa kisheria. Nikaweka mikono nyuma. Nikaanza kuburuta mguu wa kushoto kidogo, kama anavyoburuta. Waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuchekea ndani ya vitabu vyao vya nyimbo.

Baba hakugeuka. Aliendelea kutembea. Ila nilipomtazama vizuri niliona kwamba ule mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kuburutika zaidi ya siku zote, na mabega yalikuwa yanayumba kwa namna ambayo hayakuwahi kuyumba, na vidole vyake nyuma ya mgongo vilikuwa vinaniashiria, njoo, njoo, kama anayesema: haya, na hii je, unaiweza?

Nikajaribu. Sikuiweza vizuri.